Mezani kwa Wathai: Kilichokwisha Iva na Kinachoungwa Mbele Yako

Mabibi na mabwana, wazee wetu shikamooni, vijana hamjambo.

Tumeombwa tuzungumze na watu wa aina mbili. Kuna anayekwenda Bangkok kufuata nguo soko la Pratunam, kuuza vito au kutibiwa, na atakula huko wiki nzima. Kuna pia anayekaa Nairobi, Dubai au London, na siku ya mapumziko anawapeleka watoto kwenye mkahawa wa Kithai. Wote wanauliza swali moja: nile nini presha isipande, au sukari isivurugike?

Wengi hutegemea orodha ya vyakula vizuri na vibaya. Orodha hiyo haifiki mbali, kwa sababu sahani yenye jina lilelile inaweza kumfaa mgonjwa leo na kumdhuru kesho, kutegemea mpishi ametia nini. Sisi tunawashauri muulize kwanza jambo jingine: chakula hiki kimeshaiva, au kinaungwa sasa hivi? Kinachoungwa sasa hivi unaweza kukisemea. Kilichokwisha iva kimebaki na uamuzi mmoja tu, nao ni kiasi utakachokula.

Ukichungulia jiko la Kithai utaona mambo yako wazi. Upande mmoja zipo sufuria za kari zilizopikwa tangu asubuhi, makopo ya rojo la viungo, na chupa ya sosi ya pad thai (tambi za mchele za kukaanga) iliyochemshwa jana. Chumvi na sukari vimeshaingia humo na hata mpishi mwenyewe hawezi kuvitoa. Upande wa pili lipo karai kwenye moto mkali, kipo kinu, ipo sufuria ya supu nyepesi. Huku kila sahani hutiwa chumvi yake kwa kijiko, agizo likishafika. Mpishi wa Kithai amezoea kuambiwa. Mteja kusema punguza sukari, ongeza pilipili, ni jambo la kila siku kule, na hakuna atakayekuona mkorofi ukimalizia ombi lako kwa neno la heshima: mwanamume husema "khrap", mwanamke "kha".

Tuanze na chumvi, maana ndiyo inayowaingia watu bila kujijua. Kazi ya chumvi katika mapishi haya hufanywa zaidi na nam pla, yaani sosi ya samaki: samaki wadogo jamii ya dagaa wanalazwa na chumvi mwaka mzima au zaidi, kisha maji yao yanachujwa. Kijiko kikubwa kimoja kina takriban miligramu 1,400 za sodiamu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 kwa siku, sawa na gramu 5 za chumvi, kijiko cha chai kisichojaa. Piga hesabu: kijiko kikubwa kimoja na nusu cha nam pla kimeshamaliza siku yako, na hujanywa chai ya jioni. Wathai wenyewe wanalijua tatizo hili. Walipopimwa mkojo wa saa 24, wastani wao ulizidi miligramu 3,600 kwa siku.

Sosi ya soya ina karibu miligramu 900 kwa kijiko kikubwa, sosi ya chaza karibu 500. Ajabu ni kwamba watu wengi hawaziogopi hizi, wanaogopa glutamati, ule unga mweupe wa kukoleza ladha. Uzito kwa uzito, glutamati ina sodiamu asilimia 12. Chumvi ya kawaida ina 39. Mtu anasema kwa fahari "mai sai phong chu rot", usitie unga wa ladha, mpishi anaona chakula kimepooza, anafidia kwa kijiko cha nam pla. Mteja ameondoka na chumvi nyingi kuliko aliyoikimbia. Mwenye presha aseme "mai khem", isiwe na chumvi nyingi, au "nam pla noi", sosi ya samaki kidogo. Ladha iliyopungua arudishe kwa ndimu na pilipili.

Sasa twende kinuni. Som tam ni saladi ya papai bichi lililokatwa nyuzinyuzi, na hakuna sahani ya Kithai inayokutii kuliko hii. Kinu chake ni kirefu, cha udongo, mchi ni wa mti. Kwanza huingia vitunguu saumu na pilipili, vinapondwa. Mara hiyohiyo inafuata sukari ya mnazi au ya mvumo, bonge la kijiko kikubwa kizima, gramu 12 hivi, na huyeyushwa kwa mchi. Halafu kunde mbichi ndefu zilizokatwa vipande, nyanya, kamba wakavu, karanga. Ndimu inakamuliwa, nam pla inamiminwa moja kwa moja kutoka kwenye chupa, na papai linaingia mwisho, likigeuzwa kwa kijiko huku likipondwa polepole. Umeona kosa linapofanyika? Sukari inaingia sekunde ya kumi, na mteja anakumbuka kusema papai likishakuwa kinuni. Kwa hiyo sema mapema, na kama ni kibandani simama pale pale: "mai sai namtan", usitie sukari, au "wan noi", utamu kidogo tu. Nam pla omba kijiko kidogo kimoja badala ya mmiminiko, kisha uongeze ndimu. Ukiipata namna hiyo, wewe uliyezoea kachumbari hutaona kilichopungua.

Angalia ni som tam ipi. Ile iitwayo som tam thai ndiyo yenye karanga na kamba wakavu. Iitwayo som tam pu pla ra ina kaa wadogo wa mashambani waliotiwa chumvi pamoja na samaki waliovundikwa. Chumvi yake ni nyingi zaidi, na samaki hao wasipochemshwa wanaweza kubeba minyoo ya ini. Hili si la kupuuza. Kaskazini-mashariki mwa Thailand, eneo la Isan, ulaji wa samaki wabichi wa maji baridi umeeneza mnyoo uitwao Opisthorchis viverrini, ambao husababisha saratani ya mirija ya nyongo. Ukiutaka mchuzi wa samaki hao waliovundikwa, pla ra, uliza "pla ra suk", yaani uliochemshwa. Koi pla, samaki mbichi aliyekatwakatwa, acha kabisa, hata mwenyeji akikuapia kwamba ndimu imemwivisha. Ndimu haiui mnyoo huyo.

Jirani wa som tam ni laap: nyama ya kusaga iliyoivishwa kwa maji kidogo bila mafuta, ikachanganywa na ndimu, vitunguu, majani ya nanaa na unga wa mchele uliokaangwa mkavu. Chagua ya kuku, "laap kai". Neno "dip" likifuata, nyama ni mbichi. Huletwa na sahani ya kabichi na kunde mbichi ambayo mara nyingi hulipii. Msafiri aangalie tu kama zimeoshwa vizuri.

Kwenye kari mambo ni magumu zaidi. Mpishi wa Lamu, Tanga au Unguja hahitaji kufundishwa tui. Anajua tui zito la mkamuo wa kwanza na tui jepesi la pili na la tatu, na anajua lipi linaingia lini. Mpishi wa Kithai wa jadi anafanya hivyohivyo, ila anatangulia na lile zito: analichemsha mpaka likatike na mafuta yajitenge juu, kisha anakaanga rojo la viungo katika mafuta hayo. Tui la kopo limetengenezwa lisikatike. Jikoni wanapoona halitoi mafuta, wengi wanaongeza mafuta ya kupikia, na sasa una mafuta juu ya mafuta.

Hesabu yenyewe ni hii. Kopo la mililita 400 lenye mafuta asilimia 17 lina gramu 68 za mafuta. Nusu ya kopo ikiingia kwenye bakuli lako, umepata gramu 34, na karibu 30 kati ya hizo ni yale mafuta yanayoganda, ambayo yakizidi hupandisha lehemu mbaya katika damu. Mtu anayekula kilokalori 2,000 kwa siku anashauriwa asivuke gramu 22 za mafuta ya namna hiyo. Bakuli moja limevuka mpaka, bado hatujahesabu kwamba rojo lenyewe lina chumvi na kapi, yaani uduvi uliosagwa na chumvi ukachachuka.

Mbona Wathai wanaila miaka yote? Kwa sababu kwao bakuli moja la kari huwekwa katikati ya meza pamoja na supu, mboga na samaki, na kila mtu huchota vijiko viwili vitatu. Mikahawa mingi ya nje ya Thailand imeligeuza bakuli lile kuwa chakula cha mtu mmoja. Hapo ndipo pameharibika, na hapo ndipo pa kurekebisha: agizeni kari moja kwa watu watatu au wanne. Chota vipande vya nyama na biringani kwa kijiko, viegemeze ukingoni mwa bakuli mchuzi utiririke, ndipo uvipeleke kwenye wali. Usiumwage mchuzi wote juu ya wali. Wali utaunywa na wewe utamaliza.

Kari zenyewe hazilingani. Massaman ndiyo nzito kuliko zote, ina viazi, karanga na sukari. Phanaeng inaifuata kwa mchuzi mzito uliokauka. Ya kijani na nyekundu ziko katikati. Kaeng pa, kari ya msituni, haina tui hata tone, na kaeng som, ya uchachu wa ukwaju, vilevile. Ni kali na ni nyepesi, ila chumvi bado imo. Mikahawa ya nje huzificha mwisho wa orodha au haiziandiki kabisa. Ziulizieni.

Supu zina mtego wa jina. Tom yam iko ya namna mbili: "nam sai" ni ya maji safi, "nam khon" imetiwa maziwa ya kopo au tui. Ukisema tom yam tu, mikahawa mingi itakuletea yenye maziwa, maana ndiyo inayopendeza kwenye picha. Tom kha ni tui tangu mwanzo. Kaeng chuet, supu nyepesi ya tofu, kabichi na nyama ya kusaga, haina pilipili na inawafaa watoto na wenye vidonda vya tumbo. Mara nyingi nyama yake ni ya nguruwe, kwa hiyo taja kuku. Kwenye supu yoyote, tambi za supu zikiwemo, sodiamu nyingi iko kwenye maji. Kula vilivyomo, maji acha nusu. Na vile vipande vya mchaichai, khulinjani na majani ya ndimu havitafunwi, vimetiwa kwa harufu tu.

Pad thai ndiyo wageni wengi huagiza kwanza. Sosi yake ni ukwaju, sukari na nam pla, imeshachanganywa, kwa hiyo kuomba isitiwe sukari ni kujisumbua. Unachoweza kuomba ni nusu ya sosi, tambi nusu, mbegu za choroko zilizochipua mara mbili, ndimu vipande viwili, na karanga pembeni. Pad see ew, zile tambi pana nyeusi, iogope zaidi: tambi mbichi hupakwa mafuta zisigandamane, zinaongezewa mafuta kwenye karai, kisha soya nyeusi yenye sukari.

Kwenye karai mtapata nafuu mkijua maneno mawili: "nam man noi", mafuta kidogo. Mboga za majani hunywa mafuta haraka. Sahani ya pak bung, mboga ya majani ya kule, inayong'aa chini imelala juu ya vijiko viwili vya mafuta. Phat kraphao, nyama ya kusaga na majani ya mrehani, ni chakula kizuri cha mchana kikiungwa kwa kuku, ila yai linalowekwa juu, khai dao, limezamishwa kwenye mafuta ya moto mpaka kingo zikawa kahawia. Omba "khai tom", yai la kuchemsha.

Samaki ndiye tunayemtetea kuliko vyote. Pla nueng manao ni samaki mzima aliyepikwa kwa mvuke, akamiminiwa ndimu, saumu na pilipili; mchuzi uliotuama chini ya sahani ni wa chumvi, usiuzoe. Pla phao ni samaki wa kuchoma aliyejazwa mchaichai tumboni na kupakwa chumvi nene nje. Chumvi ile inatisha ukiiona, lakini kazi yake ni kuzuia nyama isikauke. Kata ngozi mgongoni, ifunue yote na chumvi yake, na ndani utakuta nyama nyeupe laini isiyo na chumvi nyingi. Kinachoharibu ni kurudisha vidole kwenye ngozi, au kuchovya kila tonge kwenye kibakuli cha sosi. Chovya ncha ya uma.

Vitangulizi vya kukaanga tuvipitie haraka: sambusa ndefu za po pia, chapati za samaki za thot man, kimoja kwa mtu kinatosha. Mishikaki ya satay haina tatizo. Sosi yake ya karanga ina tui na sukari.

Wali. Kikombe kimoja cha wali kina takriban gramu 45 za wanga, na mchele wa jasmini hupandisha sukari ya damu haraka. Ule wa kunata, khao niao, zaidi. Kikapu kidogo cha khao niao hudanganya kwa sababu wali wake umeshindiliwa. Mwenye kisukari aanze na mboga na nyama, wali aulete mwisho. Mpangilio huo peke yake hupunguza kasi ya sukari kupanda. Uliza "khao klong", mchele usiokobolewa, au riceberry, mchele wa zambarau iliyokoza uliozalishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kasetsart.

Mezani utakuta vikopo vinne: pilipili ya unga, siki yenye pilipili, nam pla yenye pilipili, na sukari. Viwili vya kwanza ni rafiki zako. Waonye watoto kuhusu sukari, kwa sababu wenyeji huitia hata kwenye tambi na mtoto akiona ataiga.

Pilipili nayo ina njia yake ya kukuingiza kwenye sukari. Ukiungua mdomo maji hayasaidii, kwa kuwa ukali wake hauyeyuki majini. Watu wanakimbilia cha yen, chai ya rangi ya machungwa yenye barafu. Ina maziwa mazito ya kopo, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari, na mara nyingi sukari nyingine juu yake. Vijiko vikubwa viwili tu vya maziwa hayo ni gramu 20 hivi za sukari, na kiasi kinachopendekezwa kwa siku ni chini ya gramu 50, ikiwezekana 25. Tafuna wali mkavu au tango. Tangu mwanzo sema "phet noi", kali kidogo, na ujue kidogo ya Mthai si kidogo yako. Mwenye kidonda aseme "mai phet". Kinywaji chukua maji au dafu, isipokuwa mgonjwa wa figo: dafu lina potasiamu nyingi, aulize daktari wake kwanza.

Kwa Waislamu, kusema "mai sai mu", usitie nguruwe, hakutoshi, kwani karai ni lilelile na mafuta yanaweza kuwa ya nguruwe. Tafuteni alama ya halali ya Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand. Mikoa ya kusini, Pattani, Yala na Narathiwat, wakazi wengi ni Waislamu na vyakula vya halali vimejaa. Tambi za kuai tiao ruea ziepukeni, mchuzi wake hufanywa mzito kwa damu.

Mwenye mzio wa karanga asiagize kwa kukisia. Aseme "phae thua lisong", na akiwa na mzio wa kutisha aandikiwe kwa Kithai kwenye karatasi, kwa sababu karai halioshwi kwa sabuni kila sahani. Mwenye mzio wa kamba ana kazi kubwa zaidi: kapi imo ndani ya rojo la karibu kari zote, hata ile iliyoandikwa ya mboga. Kimbilio lake ni duka lenye bendera ya njano yenye maandishi mekundu ya "je", kwani humo hawatii chochote cha mnyama wala cha baharini.

Familia ya watu wanne, sisi tungeagiza hivi: samaki mmoja wa mvuke, som tam isiyo na sukari, mboga ya karai yenye mafuta kidogo, tom yam ya maji safi, kari moja ya kijani ya kushirikiana, na wali bakuli moja dogo kila mtu. Embe liagizeni tupu. Khao niao inayoletwa nalo imeloweshwa tui na sukari, sahani moja watu wanne walambe.

Kari itabaki. Ichukueni, ila isikae kwenye gari kupita muda wa saa mbili, wali pia, maana wali uliopoa polepole huotesha vijidudu ambavyo kupasha moto hakuondoi sumu yake. Iwekeni kwenye friji usiku. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzijoto 24, na asubuhi mtakuta utando mgumu umejitenga juu. Ubandueni kwa kijiko mtupe. Kilichobaki chini ongezeni maji kikombe kimoja na mchicha fungu zima, chemsheni mpaka itokote vizuri, na msitie chumvi nyingine. Kari iliyokataa kubadilishwa mkahawani itabadilika kwenye sufuria yenu.

Karibuni maswali.